Nani Alipe Gharama ya Umbali? Historia ya Bei, Mishahara na Miji ya Tanzania

Kila msimu wa uhamisho wa watumishi wa umma, na kila wanafunzi wapya wanapoanza kuripoti vyuoni, swali moja husikika maofisini na vijiweni: ni mji gani wenye maisha nafuu? Aliyepangiwa Kigoma hupewa pole kabla hajafungua kinywa. Aliyepangiwa Dar es Salaam hupongezwa na papo hapo huonywa. Aliyepangiwa Dodoma huambiwa na mmoja kwamba atajenga haraka, na na mwingine kwamba kodi ya nyumba itammaliza. Majibu hutolewa kwa uhakika mkubwa, nayo hukinzana.

Sababu mojawapo ya kukinzana huko ni kwamba hakuna mji ulio nafuu kwa kila kitu wala kwa kila mtu. Lakini iko sababu nyingine ambayo hatuizungumzi. Swali la mji upi ni nafuu lina historia, na historia hiyo ni ya kisiasa. Chakula, mafuta, saruji na nguo husafiri. Safari ina gharama, na gharama hiyo lazima ilipwe na mtu fulani: mlaji, mkulima, mwajiri au hazina ya taifa. Kila kipindi cha historia yetu kimeamua kwa namna yake ni nani atakayebeba mzigo huo. Hoja ya makala haya ni kwamba tuliwahi kuwa na bei moja na mshahara mmoja kwa nchi nzima. Kisha tukaiacha bei moja na kubaki na mshahara mmoja, bila kujadili kwa uwazi ni nani angeziba pengo lililojitokeza.

Tunachopima na tusichopima

Kabla ya kuingia katika historia, tuondoe utata mmoja. Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza mfumuko wa bei. Wananchi wengi, wakiwemo wasomi, huuchukua mfumuko wa bei kuwa ndiyo gharama ya maisha. Sivyo. Mfumuko wa bei hutueleza kasi ya bei kupanda kutoka wakati mmoja hadi mwingine. Hautuelezi kama kapu lilelile la bidhaa ni ghali zaidi Bukoba kuliko Tanga. Mji unaweza kuwa na bei za juu zilizotulia, na mwingine ukawa na bei za chini zinazopanda kwa kasi. Akisema mtu kwamba mfumuko ni mdogo, hajasema lolote kuhusu mwalimu aliyehamishwa kutoka mji mmoja kwenda mwingine.

Watafiti wa umaskini wanalijua tatizo hili vizuri. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ukakuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wakiishi chini ya mstari huo. Takwimu ya namna hiyo haiwezi kupatikana kwa haki bila kwanza kurekebisha tofauti za bei kati ya mahali na mahali, kwa kuwa shilingi elfu moja ya Dar es Salaam hainunui sawasawa na shilingi elfu moja ya kijijini. Kitaalamu, basi, dola inajua kwamba shilingi haina uzito mmoja kila mahali. Tutaona kwamba kiutawala hutenda kana kwamba haijui.

Kutoka misafara hadi reli

Gharama ya umbali ni kongwe kuliko shilingi yenyewe. Katika karne ya 19, vitambaa vya merekani, vilivyoitwa hivyo kwa kuwa vilitoka Marekani kupitia wafanyabiashara wa Zanzibar, vilipanda thamani kila msafara ulipozidi kwenda bara. Doti moja ya kitambaa pale Bagamoyo ilikuwa na thamani yake. Ikifika Unyanyembe ilikuwa nyingine. Ikifika Ujiji ilikuwa nyingine tena. Katikati palikuwa na ujira na posho ya wapagazi, hongo kwa watawala wa njiani, na hatari ya kuibiwa au kufiwa. Pembe za ndovu zilifuata kanuni hiyohiyo kwa upande wa pili: nafuu bara, ghali pwani. Umbali ulilipwa na mnunuzi wa mwisho, na kwa mgongo wa mpagazi.

Wajerumani walipojenga Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, hawakuufuta umbali, waliupanga upya. Mji uliopitiwa na reli ukawa karibu na bandari hata kama ulikuwa mamia ya kilomita kutoka baharini, na eneo lililoachwa na reli likawa mbali hata kama halikuwa mbali sana kwenye ramani. Mikoa ya kusini na ya kusini magharibi, Songea na Sumbawanga kwa mfano, iliishi na pengo hilo kwa miongo mingi. Utawala wa Mwingereza uliendeleza utaratibu uleule. Kwa hiyo tunaposema leo kwamba mji fulani uko pembezoni, mara nyingi tunasoma uamuzi wa zamani wa wahandisi na wakoloni, wala hatusomi maumbile ya nchi.

Ujira wa kapera na mgomo wa 1947

Mji wa kikoloni ulimhitaji mfanyakazi Mwafrika lakini haukutaka kumlipa kama mkazi wa mji. Ujira ulihesabiwa kwa mtu mmoja asiye na familia, kwa dhana kwamba mke na watoto wako kijijini wakijilisha kwa jembe. Vita Kuu ya Pili ilipopandisha bei za chakula na nguo, hesabu hiyo ilivunjika. Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaifuata reli kwenda bara. Njia iliyopeleka bidhaa na bei ndiyo iliyopeleka pia madai. Mapema mwaka huohuo Mombasa nayo ilikuwa imesimama kwa mgomo mkuu. Madai ya msingi yalikuwa yaleyale: ujira hautoshi kuishi mjini.

Serikali za kikoloni zilijibu kwa kuanza kuhesabu. Kule Kenya, Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ilikubali kwamba ujira wa kapera haufai na kwamba ni lazima kusogea hatua kwa hatua kuelekea ujira unaotosha familia. Tanganyika iliweka kima cha chini cha mshahara kwa Dar es Salaam mwaka 1957. Baada ya uhuru, bodi iliyoongozwa na Donald Chesworth ilipendekeza kima cha chini kwa nchi nzima, na kikaanza kutumika mwaka 1963. Jambo la kuzingatia ni kwamba viwango vya 1963 havikuwa sawa kila mahali. Dar es Salaam ilikuwa na kiwango cha juu kuliko maeneo ya vijijini. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, basi, dola ilikiri waziwazi katika sheria kwamba kuishi mjini na kuishi shamba si gharama moja.

Ukiri huo ulikuwa na ubaya wake. Uliongeza mvuto wa mji mkubwa na ulipanua pengo kati ya mfanyakazi wa mjini na mkulima. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipoonya kwamba miji isije ikawa mnyonyaji wa vijiji, lilikuwa linagusa jeraha hilo. Kuanzia hapo, fikra ya usawa wa kijiografia ikaanza kutafuta njia nyingine.

Zama za bei moja

Njia hiyo ilikuwa bei moja kwa nchi nzima. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei na kuundwa Tume ya Taifa ya Bei. Katika kipindi hichohicho Shirika la Biashara la Taifa lilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na makampuni ya biashara ya mikoa, ambayo watu wa rika la wazazi wetu wanayakumbuka kwa jina la RTC. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilikabidhiwa nafaka. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, mkulima wa mahindi alilipwa bei moja popote alipo, na mlaji wa mjini aliuziwa sembe kwa bei iliyopangwa na serikali.

Tusiudharau mpango huu kwa sababu tu ulikuja kushindwa. Msingi wake wa kimaadili ulikuwa bayana: Mtanzania wa Sumbawanga hakuchagua kuzaliwa mbali na bandari, basi asiadhibiwe kwa hilo. Na matokeo yake yalionekana. Mikoa minne ya nyanda za juu kusini, yaani Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma kwa mipaka ya wakati ule, iliitikia kwa kulima mahindi mengi kwa ajili ya soko la taifa. Ghala la nafaka la nchi tunalojivunia leo lilijengwa kwa kiasi kikubwa na uamuzi wa kutomtoza mkulima wa mbali gharama ya lori.

Lakini lori lilihitaji dizeli, na dizeli ilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Gharama ya kusafirisha mahindi kutoka Songea hadi Dar es Salaam haikutoweka kwa kuwa haikuandikwa kwenye bei. Ilihamia kwenye vitabu vya NMC kama hasara, kutoka huko ikaenda benki kama deni, na kutoka benki ikarudi kwa wananchi wote kama upungufu wa fedha na bidhaa. Mkulima aliye karibu na soko, wa Arusha au Kilimanjaro, aliona kwamba analipwa chini ya thamani halisi ya mahindi yake, akauza kwa njia ya magendo. Baada ya bei ya mafuta duniani kupanda mara ya pili mwaka 1979, na baada ya vita vya Kagera, mfumo ukaelemewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na bei moja isiyo na bidhaa. Sukari ilikuwa na bei halali kwenye gazeti la serikali na bei nyingine nyuma ya duka. Hapo ndipo kulinganisha gharama za maisha kati ya miji kulipogeuka kuwa kulinganisha upatikanaji. Mkazi wa Kigoma au Tarime, karibu na mpaka, aliweza kupata sabuni na nguo ambazo mkazi wa makao makuu ya mkoa wa katikati alizipata kwa foleni na kwa kujuana. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilionesha ukubwa wa soko la pili lililokuwa limezaliwa. Fundisho la kipindi hiki ni kwamba dola ikiamua kuubeba umbali kwa niaba ya wananchi, ni lazima ionyeshe wazi ni kwa fedha gani. Umbali ambao haukutengewa fedha hulipwa kwa foleni.

Ruksa, na bei zikatawanyika

Mwaka 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa na wenye fedha za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa na Mpango wa Kufufua Uchumi ukaanza. Orodha ya bidhaa zenye bei za serikali ilifupishwa mwaka hadi mwaka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya nafaka ilikuwa mikononi mwa watu binafsi.

Bidhaa zilirudi madukani, na hilo halipaswi kubezwa na yeyote aliyewahi kupanga foleni. Lakini pamoja na bidhaa, gharama ya umbali ilirudi kwa mtu binafsi. Mkulima wa Rukwa aligundua kwamba bei ya gunia lake sasa ni bei ya Dar es Salaam ukitoa nauli ya lori, na mlaji wa Kigoma aligundua kwamba bei ya saruji yake ni bei ya kiwandani ukijumlisha nauli ileile. Umbali ukawa unamkata mtu wa pembezoni mara mbili: anapouza na anaponunua.

Nyumba nazo zilifuata mkondo huo. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Baadaye ikaja Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya mwaka 1984. Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, na sheria ya kudhibiti kodi ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo, mpangaji wa chumba kimoja na mwenye nyumba hukutana uso kwa uso, na kwa desturi tuliyoizoea, mpangaji hudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla hajaingiza godoro.

Ramani ya leo

Tukiichora ramani ya gharama za maisha kwa sasa, tunaona bei za aina nne, na kila aina ina mantiki yake.

Aina ya kwanza ni bei zinazopanda kadiri unavyokwenda mbali na bandari na kiwanda. Mfano ulio wazi kabisa ni mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila mji. Jedwali hilo ni somo la jiografia ya uchumi: miji yenye bandari za kupokelea mafuta, yaani Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, huwa chini, na wilaya za mbali za Kigoma na Kagera huwa juu. Na kwa kuwa karibu kila kitu husafiri kwa dizeli, jedwali hilo hujirudia kimyakimya katika bei ya bati, mafuta ya kupikia na nauli.

Aina ya pili huenda kinyume: ni bei zinazopanda kadiri unavyosogea mbali na shamba au ziwa. Mahindi ni nafuu Songea na Sumbawanga, viazi Njombe, ndizi Bukoba na Tukuyu, samaki Mwanza. Mkazi wa Dar es Salaam ndiye aliye mbali katika hesabu hii. Kwa kaya maskini, ambayo sehemu kubwa ya matumizi yake ni chakula, aina hii huwa na uzito kuliko ile ya kwanza. Ndiyo maana mtumishi wa kipato cha kati anaweza kuuona mji wa mkoani kuwa ghali kwa sababu ya vifaa vya ujenzi na mafuta ya gari, wakati mlinzi wa ofisi yake akauona mji huohuo kuwa nafuu kwa sababu ya unga na maharage. Wote wawili wana haki.

Aina ya tatu ni bei zinazotokana na msongamano: kodi ya nyumba, kiwanja, na nauli ya kila siku. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Katika jiji la ukubwa huo, umbali hauko kati ya miji tu. Uko ndani ya mji. Mfanyakazi anayeishi Chanika au Mbagala na kufanya kazi katikati ya jiji hupata chumba cha bei nafuu, kisha hulipa tofauti kwa nauli ya daladala na kwa saa zake za usingizi. Saa hizo hazimo katika kapu lolote la bidhaa, lakini ni sehemu ya gharama ya maisha.

Aina ya nne ni bei zilizopangwa na dola kwa nchi nzima, mabaki ya zama za bei moja. Umeme ni mfano mzuri. Mteja wa nyumbani wa TANESCO hulipa kiwango kilekile cha uniti awe Ilala au Kasulu, na ilikuwa hivyo hata Kigoma ilipotegemea majenereta ya dizeli yenye gharama kubwa ya uzalishaji. Maji hayafuati utaratibu huo: kila mamlaka ya mji ina viwango vyake. Kwa hiyo si kweli kwamba tumeliacha kabisa wazo la kubebeana umbali. Tumeliacha katika sembe na saruji, na kulihifadhi katika umeme, bila mjadala wa wazi kuhusu ni kwa nini hapa na si pale.

Mshahara mmoja

Sasa tufike kwenye kiini. Katika utumishi wa umma, mshahara wa ngazi moja ni mmoja nchi nzima. Kima cha chini kilichotangazwa Mei Mosi 2025, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo, ni kilekile Kinondoni na Kibondo. Katika sekta binafsi, tangu Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kima cha chini hupangwa kwa sekta, wala hakipangwi kwa eneo kama ilivyokuwa 1963. Wanafunzi nao wamo: fedha za chakula na malazi za Bodi ya Mikopo, shilingi 10,000 kwa siku tangu ziliponyanyuliwa kutoka 8,500 mwaka 2022, hazibadiliki kwa sababu chuo kipo Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya.

Mshahara mmoja ulikuwa na mantiki kamili wakati bei ilipokuwa moja. Vilikuwa nusu mbili za wazo moja. Nusu ya kwanza ikaondolewa kati ya 1984 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nusu ya pili ikabaki ikisimama peke yake. Tangu hapo, tofauti ya bei kati ya miji hufyonzwa na mtumishi mwenyewe, kwa njia zinazofahamika: biashara ndogo baada ya kazi, shamba la mkoani, mkopo wa mshahara, au juhudi zisizokoma za kuomba uhamisho.

Dodoma imetupa jaribio la karibu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa na TANU mwaka 1973, katika zama zilezile za bei moja na kwa moyo uleule wa kuisogeza nchi karibu na wananchi wake. Utekelezaji wenyewe ulisubiri hadi 2016, Rais John Magufuli alipoagiza serikali ihamie, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Maelfu ya watumishi walifika katika mji ambao soko la nyumba halikuwa limejiandaa. Kodi zilipanda. Aliyepata mshahara wa serikali alilalamika lakini alilipa. Aliyeumia zaidi ni mkazi wa zamani asiye na mshahara huo: muuza mboga, fundi, mwanafunzi, ambaye alijikuta akishindania chumba kilekile na mtumishi kutoka wizarani. Dola ilikuwa imehamisha mahitaji kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa tamko, na ikaliachia soko kazi ya kuamua nani atalipia.

Jirani zetu, na tahadhari

Kenya ilifuata njia nyingine. Hadi leo amri zake za kima cha chini cha mshahara huigawa nchi katika makundi ya maeneo, Nairobi, Mombasa na Kisumu zikiwa katika kundi la juu, na maeneo ya vijijini chini. Watumishi wa umma hupata posho ya nyumba kulingana na mahali walipo. Kuna haja ya kulisoma hili kwa makini kabla ya kuliiga. Kiwango cha juu kwa mji mkuu kinamsaidia anayelipa kodi Nairobi, lakini kinaupa mji mkuu mvuto mwingine juu ya ule ulio nao tayari.

Kwetu hatari hiyo ni kubwa. Tukiongeza malipo ya Dar es Salaam kwa hoja ya kodi na nauli, tutakuwa tumempa mwalimu wa Kibondo sababu moja zaidi ya kuondoka, na shule za pembezoni tayari zina upungufu wa walimu. Lakini tukibaki na mshahara mmoja na kufumba macho, tunamwambia mwalimu huyohuyo alipie mwenyewe dizeli iliyobeba saruji yake. Usawa wa tarakimu kwenye hati ya mshahara haumfanyi awe sawa na mwenzake dukani.

Katika njia panda hii napendekeza mambo matatu. La kwanza ni maarifa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hukusanya bei katika mikoa mbalimbali kila mwezi kwa ajili ya mfumuko. Kutokana na kazi hiyohiyo inawezekana kuandaa, walau mara moja kwa mwaka, jedwali la kulinganisha kiwango cha bei kati ya miji, likitenganisha chakula, nyumba, usafiri na bidhaa za kiwandani, na likionesha kaya ya kipato cha chini na ya kipato cha kati kila moja peke yake. Vyama vya wafanyakazi vingeingia kwenye majadiliano ya mishahara vikiwa na hesabu, na serikali za wanafunzi nazo zingefika Bodi ya Mikopo na hoja isiyotegemea malalamiko peke yake.

La pili ni kutenganisha matatizo. Ughali wa Dar es Salaam na Dodoma hutokana hasa na nyumba na usafiri. Dawa yake ni viwanja vilivyopimwa, nyumba za kupanga, na mabasi yanayofika kwa wakati, pamoja na sheria inayozuia kudai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ughali wa Kigoma na Kagera hutokana na umbali. Dawa yake ni reli, barabara, na posho maalumu kwa mtumishi wa pembezoni. Kuutibu ugonjwa wa kwanza kwa dawa ya pili ni kupoteza fedha.

La tatu ni uwazi. Bei moja ya umeme inathibitisha kwamba taifa bado linaweza kuamua kubeba umbali kwa pamoja. Historia ya NMC inathibitisha kwamba uamuzi huo ukifanywa bila kutengewa fedha huishia kuwa deni na foleni. Tuna uzoefu wa pande zote mbili, basi hatuna udhuru wa kuendelea kuamua kwa mazoea. Bunge linapopitisha bajeti lingeweza kutamka bayana: huduma hizi tatu au nne tutazilipia kwa usawa nchi nzima, kwa fedha hizi; nyingine zitafuata soko, na wanaoumia zaidi tutawafidia kwa kiasi hiki.

Aliyepangiwa kituo kipya ataendelea kuuliza kama huko maisha ni nafuu, na ana haki ya kuuliza. Wajibu wetu sisi tunaosoma, tunaotetea haki na tunaoandaa nyaraka za serikali ni kuliuliza swali lililo nyuma ya lake. Umbali kati ya bandari ya Dar es Salaam na duka la Kasulu unalipwa kila siku, na kwa sasa anayeulipa ni yule ambaye hakushirikishwa katika uamuzi.